Pima Ndoo, Usipime Chumba

Mwongozo wa joto la uchachushaji kwa anayetengeneza bia au mvinyo wa ndizi nyumbani katika mtaa wa Kiriri, Bujumbura

Anayeishi Kiriri ana kitu ambacho ndugu yake wa Buyenzi au Kinama hana: milima mgongoni. Jua likishazama, hewa baridi huteremka kutoka huko, hupita kwanza kwenye madirisha ya Kiriri, ndipo ifike mjini na ziwani. Mchana Bujumbura hukaa kwenye nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, usiku hushuka mpaka 19 au 20, na huku juu huwa chini kidogo ya hapo. Pombe ya nyumbani inaweza kutoka vizuri kabisa katika hali hiyo, kwa masharti mawili. Ujue joto lililo ndani ya ndoo badala ya kukisia kutokana na joto la chumba, na uzisimamie siku tatu za kwanza bila kuchoka.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ndoo moja ya lita 20 au 25. Brarudi, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na inayotengeneza Primus na Amstel hapa mjini, ni kiwanda; matangi ya viwanda vya namna hiyo yamezungushiwa mifereji ya baridi na yana mafundi wa kuyaangalia usiku na mchana. Wewe una beseni, taulo kuukuu, chupa za barafu na umeme unaokatika. Vinatosha.

Urwarwa hauuhitaji mwongozo huu

Tuliweke hili wazi mapema. Urwarwa wa vijijini, yaani bia ya ndizi ya kienyeji, umepangwa uende na joto. Ndizi huivishwa kwenye shimo lililopashwa moto, hukamuliwa kwa majani, umutobe, yaani juisi inayotoka, huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba. Baada ya siku mbili au tatu unanywewa, na unanyweka ukiwa bado unachemka. Harufu kali ya tunda na uchachu kidogo ndivyo vinavyotafutwa. Kuupoza kwa barafu ni kuuharibu.

Mambo hubadilika ukitaka pombe ya kukaa. Bia ya shayiri inayosubiri wiki tatu ndani ya chupa, au mvinyo wa ndizi utakaofunguliwa baada ya miezi sita, hubeba ladha ya kila kosa lililofanyika mwanzoni. Kilichopita bila kuonekana kwenye urwarwa wa siku tatu, humo hukaa mpaka tone la mwisho.

Kwa nini ndoo ina joto kuliko chumba

Hamira inakula sukari, inatoa kileo, inatoa gesi ya kaboni, na inatoa joto. La mwisho ndilo watu husahau.

Chukua lita 20 za maji ya kimea zenye kilo 2 za sukari ambayo hamira inaweza kuila. Hiyo ni bia ya kileo cha asilimia 6 hivi. Joto linalotoka mpaka sukari hiyo iishe lingeweza kupandisha ndoo nzima kwa nyuzi 14 hivi, kama lingefungiwa ndani. Kwa kuwa ndoo hupoteza joto kupitia kuta zake, siku ya pili kilichomo ndani huwa nyuzi 3 hadi 5 juu ya chumba, wakati mwingine zaidi. Chumba cha nyuzi 25, ambacho kwa ngozi yako ni kizuri tu, kinakupa bia ya nyuzi 29 au 30.

Kwa hamira nyingi za kawaida hapo ni pabaya. Hamira ikikimbizwa na joto huzaa vileo vizito vinavyochoma koo kama spiriti. Huzaa pia harufu ya ndizi. Ndiyo, ndizi ndani ya bia ya shayiri: ni isoamili asetati, kemikali ileile iliyo kwenye tunda lenyewe. Watu wa Bavaria huitafuta makusudi katika bia yao ya ngano, lakini katika bia nyingine nyingi ni kasoro. Na hamira iliyochoka mapema kwa kukimbia huacha harufu ya tufaha bichi au ya siagi, kwa sababu haikubaki na nguvu ya kusafisha ilichochafua.

Sehemu kubwa ya haya hutokea hamira inapozaliana, yaani katika saa 72 za kwanza. Baada ya hapo ndoo inaweza kupanda joto bila madhara, tena inafaa ipande kidogo. Wengi hufanya kinyume. Siku ya kwanza hawajali, wanasema haijaanza. Siku ya nne wanaona povu limetulia, ndipo wanaanza kuhangaika na barafu.

Chagua hamira kabla ya kuchagua friji

Swali la kwanza ni hili: ni hamira gani inayolikubali joto la nyumba yangu? Likijibiwa vizuri, nusu ya kazi imekwisha, na pesa ya friji inabaki mfukoni.

- *Hamira kavu ya ale, kama SafAle US-05.* Mtengenezaji anairuhusu kati ya nyuzi 18 na 26. Wewe lenga 19 hadi 21 kwa siku tatu za mwanzo. Kiriri inawezekana kwa beseni na barafu.
- *Hamira za saison.* Zimetoka kwenye mashamba ya Ubelgiji na zinamudu 22 hadi 30, nyingine zaidi. Ladha ni ya viungo na ukavu. Angalizo: baadhi yake huendelea kula polepole hata ukidhani zimemaliza, kwa hiyo usikimbilie kutia kwenye chupa.
- *Kveik ya Voss.* Hamira ya mashambani Norwei, nchi ya theluji, lakini inapenda nyuzi 35 hadi 40 na inafanya kazi tangu 25. Kwayo tatizo linageuka: utaifunika blanketi usiku badala ya kuipoza.
- *Hamira za mvinyo.* EC-1118 hufanya kazi kuanzia 10 mpaka 30, na K1-V1116 mpaka 35. Kwa mvinyo wa ndizi ndizo ningezishika.
- *Hamira ya mkate ya dukani.* Inavumilia joto na inapatikana kila mahali. Hutulia vibaya, kwa hiyo pombe hubaki na ukungu, na ladha yake ni ya kawaida. Kwa kujifunzia haina ubaya.
- *Hamira za lager.* Kwa desturi zinataka nyuzi 8 hadi 13. Bila friji achana nazo.

Kwa anayeanza Kiriri, ushauri wangu ni kveik kwa bia na K1-V1116 kwa ndizi. Atakayetaka bia safi ya mtindo wa ale aendelee kusoma, kwa sababu hiyo ndiyo inayodai kazi.

Jambo dogo kuhusu pakiti: hamira kavu ya gramu 11 au 11.5 inatosha lita 20 hadi 25, lakini nyingi hufika hapa ndani ya mizigo ya wasafiri. Pakiti iliyoshinda kwenye gari lililofungwa juani haina tena uhai wake wote. Ikifika, iweke kwenye friji, na siku ya kazi tumia mbili badala ya moja kama huna uhakika nayo.

Kipimajoto: kipi, na kukijaribu vipi

Kipimajoto cha homa hakifai. Husoma kati ya 35 na 42 tu. Cha zebaki usikitumbukize kwenye pombe, kikivunjika umemwaga yote na umejiletea sumu ndani ya nyumba. Bastola ya kupimia kwa miale hupima uso wa kitu tu, na juu ya chuma kinachong'aa hudanganya.

Vilivyo vizuri ni viwili. Cha kidijiti chenye waya na ncha ya chuma ndicho bora. Cha pili ni ukanda wa plastiki wa kubandika, ule wa matangi ya samaki, ambao hubadilisha rangi kwenye namba. Ukanda ni rahisi na hauhitaji betri, ingawa unakosea kwa nyuzi moja au zaidi ukipigwa na upepo.

Kila kipimajoto kijaribiwe kabla ya kuaminiwa:

1. Jaza glasi kwa barafu iliyopondwa, kisha ongeza maji safi mpaka yafike usawa wa barafu.
2. Koroga, subiri dakika tatu, tumbukiza ncha katikati bila kugusa glasi.
3. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 1.5, andika kwenye kipande cha gundi ukibandike hapo hapo: "toa 1.5".
4. Rudia kwa maji yanayochemka ukitaka uhakika wa juu.

> MAJI YA KIRIRI HAYACHEMKI KWA 100
> Uso wa Ziwa Tanganyika wenyewe uko mita 770 hivi juu ya bahari, na Kiriri iko juu ya ziwa. Hewa ikiwa nyepesi, maji huchemka mapema: huku kwetu ni karibu na nyuzi 97. Kipimajoto kinachoonyesha 97 ndani ya sufuria inayochemka ni kizima. Kinachoonyesha 100 ndicho cha kushuku.

Ukishapata kipimajoto, swali ni kukiweka wapi. Usifungue kifuniko kila saa kutumbukiza ncha. Kila kufungua ni kukaribisha vijidudu. Bandika ncha ubavuni mwa ndoo, kwa nje, kwenye usawa wa katikati ya kilichomo. Juu yake weka sponji ya kuoshea vyombo iliyokunjwa, kisha zungusha gundi ya karatasi. Sponji huzuia hewa ya chumba isiiguse ncha, nayo ncha husoma ukuta wa ndoo. Pombe ikiwa inachemka hujikoroga yenyewe, hivyo tofauti kati ya ukuta na katikati haifiki mbali. Ila ukuta huo ukiwa ndani ya maji ya beseni, utasoma beseni. Hapo pandisha ncha ikae juu kidogo ya usawa wa maji, bado chini ya usawa wa pombe.

Mahali pa kuweka ndoo

Nyumba nyingi za Kiriri zimejengwa kwenye mteremko. Kama yako ina chumba cha chini ambacho ukuta wake mmoja umeegemea udongo, weka ndoo hapo, karibu na ukuta huo. Usitegemee maajabu: udongo wa ndani hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka, ambao Bujumbura ni 24 hivi. Chumba hicho hakitakupa 18. Kitakupa utulivu, bila kupanda na kushuka nyuzi 10 kila siku, na kwa hamira utulivu una thamani kuliko namba ndogo.

Epuka jikoni, epuka juu ya friji (mgongo wake hutoa joto), epuka chumba chenye bati lililo wazi bila dari. Sakafu ya saruji ni rafiki yako.

Kupoza kwa beseni, taulo na barafu: hatua kwa hatua

Hii ndiyo njia ninayoipendelea kwa Kiriri, hata kwa mwenye friji, kwa sababu umeme ukikatika inaendelea kufanya kazi.

Andaa siku moja kabla: chupa sita za plastiki za lita 1.5, zijazwe maji mpaka mabegani tu, kwa kuwa maji yakiganda hupanuka. Zigandishe. Huna friji ya kugandisha? Zungumza na jirani au mwenye duka mapema, si siku yenyewe.

1. *Poza kabla ya kutia hamira.* Maji ya bomba peke yake hayatakushusha chini ya joto lake, ambalo hapa ni ishirini na kitu. Ukifika 27 au 28 kwa maji ya bomba, hamishia sufuria kwenye beseni la maji yenye chupa mbili za barafu, na ukoroge maji ya beseni taratibu. Shuka hadi nyuzi 18 kwa hamira ya ale, yaani chini kidogo ya lengo. Barafu ibaki nje ya maji ya kimea, kamwe isiingie ndani.
2. *Hamira nayo isishtuke.* Kama umeiamsha kwenye maji ya uvuguvugu, tofauti kati ya maji hayo na ndoo isizidi nyuzi 10. Ikizidi, ongeza kijiko cha maji ya kimea kwenye kikombe cha hamira kila baada ya dakika chache mpaka zikaribiane.
3. *Weka ndoo ndani ya beseni pana.* Jaza maji yafike nusu ya usawa wa pombe. Maji hayo ni akiba: yanapunguza kasi ya joto kupanda au kushuka.
4. *Ivishe ndoo taulo la pamba au fulana kubwa*, pindo lake liguse maji. Kitambaa kitanyonya maji kwenda juu na upepo utayakausha.
5. *Fungua dirisha upande wa upepo*, au washa feni ikiwa umeme upo. Jua lisifike.
6. *Tumbukiza chupa moja ya barafu kwenye maji ya beseni.* Angalia kipimajoto baada ya saa moja na nusu. Joto la pombe likizidi lengo kwa nyuzi 1, ongeza ya pili. Likishuka chini ya 18, toa zote.
7. *Rudia asubuhi, alasiri na kabla ya kulala.* Badilisha chupa kwa kufuata kipimajoto, usifuate saa. Usiku mara nyingi taulo na dirisha vinatosha; barafu iwekee akiba ya saa 8 mchana.
8. *Siku ya nne acha kuongeza barafu.* Ipande yenyewe mpaka 22 au 23 imalize na kusafisha.

Inafaa ujue ni nini kinachofanya kazi hapa, usije ukaegemea barafu peke yake. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334 hivi. Joto lote la uchachushaji wa ile ndoo yetu ni kama kilojuli 1,200, sawa na chupa mbili na nusu za barafu basi. Chupa nyingine zote unazozitumia wiki nzima zinapambana na joto la chumba. Ndiyo maana kivuli na mahali pazuri huokoa barafu kuliko friji kubwa inavyoizalisha. Na lita moja ya maji ikikauka kutoka kwenye taulo huondoa joto sawa na kilo 7 za barafu, ingawa sehemu ya joto hilo hutoka hewani. Taulo la bure linaishinda friji.

Lakini taulo lina msimu wake. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa ni kavu na usiku una baridi. Huo ndio wakati wa kutengeneza ale. Septemba joto hupanda kabla ya mvua. Mvua zikishika, hasa Machi na Aprili, hewa hujaa unyevu, taulo halikauki, na hapo ndipo utakapoitafuta barafu zaidi. Au ndipo utakapotumia kveik upumzike.

Daftari

Usiache. Ukurasa wenye manufaa hauhitaji zaidi ya hivi:

*Jumamosi, saa 12 jioni: hamira imeingia. Ndoo 18, chumba 25.*
*Jumapili, saa 1 asubuhi: ndoo 19, chumba 21. Povu jembamba. Barafu: hakuna.*
*Jumapili, saa 8 mchana: ndoo 21.5, chumba 27. Barafu: 2.*
*Jumapili, saa 3 usiku: ndoo 20, chumba 23. Taulo limelowa, dirisha wazi.*

Angalia mstari wa tatu. Hakuna kilichoharibika hapo, lakini ukiuona kwenye daftari lako utajua kuwa chupa ya kwanza ilipaswa kuingia saa 5 asubuhi. Kumbukumbu ya kichwani haitakwambia hivyo mwezi ujao.

Kumbe kupima joto kwa ukali na kutengeneza bia ni mambo ya ukoo mmoja. James Joule, ambaye jina lake liko kwenye kile kipimo cha kilojuli hapo juu, alizaliwa mwaka 1818 katika familia yenye kiwanda cha bia Salford, Uingereza, na alifanya majaribio yake ya joto katika miaka ya 1840 akiwa bado anashughulika na kiwanda hicho.

Ukiwa na friji na kidhibiti

Vidhibiti kama Inkbird ITC-308 au STC-1000 huwasha na kuzima friji kwa kufuata ncha yenye waya. Cha kwanza kina soketi zake tayari. Cha pili ni cha kuunganisha nyaya, kazi ya fundi umeme na si ya jioni ya Jumapili.

- Ncha ibandikwe kwenye ndoo, chini ya sponji, kama ilivyoelezwa. Ikining'inia hewani ndani ya friji, friji itatulia kwenye 19 huku pombe ikiwa 23.
- Lengo 19, tofauti nyuzi 1. Ukiweka 0.2 friji itawaka na kuzimika kama taa ya pikipiki mbovu.
- Weka kuchelewa kwa dakika 5 kabla ya kompresa kuwaka tena. Umeme unaorudi na kukatika mara tatu kwa dakika moja huua kompresa.
- Stabilaiza kati ya soketi na friji. Bila hiyo, usianze.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Lita 20 za kimiminika ndani ya friji iliyofungwa hupanda polepole. Katizo likipita saa nne au tano na ukiwa kwenye siku tatu za mwanzo, ingiza chupa mbili za barafu haraka ufunge.

Kabla ya chupa: soma haidromita pamoja na joto

Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Kimiminika chenye joto ni chepesi, hivyo namba hushuka kwa uongo. Kwa nyuzi 28 ongeza 0.002: ukiona 1.010, andika 1.012. Kosa hilo linatosha kukufanya uamini pombe imemaliza wakati haijamaliza.

Pima siku tatu tofauti. Namba ikibaki ileile mara tatu, na joto lilikuwa 22 au zaidi, tia kwenye chupa ukiongeza gramu 6 za sukari kwa lita. Hamira iliyolala kwa sababu ya baridi hutoa namba isiyobadilika vilevile, kisha huamka ndani ya chupa.

> ONYO
> *Chupa:* tumia chupa nene za bia pekee. Za maji ya plastiki, za wiski na za mvinyo wa kawaida hazikuumbwa kwa gesi. Wiki mbili za kwanza ziweke ndani ya kreti lililofunikwa gunia, mbali na watoto.
> *Gesi:* ile ndoo ya lita 20 hutoa zaidi ya lita 500 za gesi ya kaboni. Usiifunge kabisa: mrija utoke kifunikoni uingie kwenye glasi ya maji. Usiiweke kwenye chumba cha kulala kisicho na dirisha.
> *Kupoza ghafla:* ndoo ikishuka joto kwa kasi, huvuta hewa ndani na inaweza kunyonya maji ya glasi. Inua mrija kidogo kabla ya kuongeza barafu nyingi.
> *Kuvukiza:* pombe ikiharibika, usiivukize. Kanyanga, yaani pombe iliyovukizwa, ni marufuku nchini, na mtambo wa kienyeji unaweza kuwaka moto au kukupa sumu.

Makosa ninayoyakuta mara kwa mara

Kutia hamira kwenye nyuzi 30 kwa matumaini kuwa usiku utapoza. Usiku wa Kiriri hupoza chumba; ndoo iliyoanza na 30 itakuwa imezaa ladha zake mbaya kabla ya alfajiri.

Kuhesabu mapovu kwenye glasi badala ya kupima. Mapovu huongezeka pia ndoo ikipata joto tu, hata hamira ikiwa imelala.

Kutia chupa zote sita za barafu kwenye beseni kwa mkupuo. Pombe hushuka hadi 14, hamira inazama chini, na siku mbili zinapotea kuiamsha.

Kuhamisha ndoo kila siku, asubuhi barazani, mchana stoo. Unatikisa mashapo na unaleta hewa. Hewa pamoja na joto ndivyo vinavyolea bakteria wa siki.

Kagua kabla ya kuanza

☐ Kipimajoto kimejaribiwa kwenye barafu, kosa lake limeandikwa
☐ Hamira imelinganishwa na joto halisi la chumba, la mchana na la usiku
☐ Chupa sita zimeganda
☐ Beseni, taulo na mrija vimesafishwa
☐ Mahali pamechaguliwa, jua halifiki
☐ Sponji na gundi ya karatasi
☐ Daftari na kalamu juu ya ndoo
☐ Kuna mtu wa kubadilisha barafu saa 8 mchana, siku tatu mfululizo

Hilo la mwisho ndilo huvunja mipango mingi. Kama nyumba haina mtu mchana wa katikati ya wiki, anza Ijumaa jioni, ubaki kutafuta mtu wa Jumatatu tu.

Ikiwa imeshapanda

Umerudi kutoka kazini siku ya pili, ndoo inasoma 31. Usimwage, wala usiishtue. Ishushe nyuzi 1 kila baada ya saa mbili au tatu, kwa taulo na chupa moja moja, mpaka 23, kisha iache hapo imalize. Halafu iongezee wiki nzima juu ya muda uliopanga. Harufu ya tufaha bichi na ya siagi hamira yenyewe itaziondoa ikiachwa juu ya mashapo yake kwa joto la 22 hadi 24. Harufu ya ndizi itapungua. Ule ukali wa spiriti hautaondoka, hata ukae mwaka.

Onja mwishoni mwa wiki hiyo. Ukali ukiwa mwepesi, tia kwenye chupa, uinywe baridi sana na usimpe mgeni kabla hujamwonya. Ukiwa mkali, loweka humo mishikaki ya mbuzi kwa usiku mmoja pamoja na vitunguu na pilipili: moto wa mkaa utaondoa kile ambacho hamira haikuweza.